Upasuaji wa Mtoto wa Jicho na Shinikizo la Jicho kwa Wagonjwa wa Glakoma: Historia ya Hoja Iliyogeuka, 1705–2016

Utangulizi

Hadi miaka ya 1970, vitabu vya kufundishia utabibu wa macho viliutaja upasuaji wa mtoto wa jicho miongoni mwa visababishi vya glakoma. Katika miongozo ya karne ya 21, upasuaji wenye jina hilohilo unatajwa miongoni mwa njia za kuitibu. Sura hii inafuatilia namna mgeuko huo ulivyotokea. Inadaiwa hapa kwamba jicho lililofanyiwa upasuaji mwaka 1960 na lile lililofanyiwa mwaka 2000 yalipitia mambo mawili tofauti yaliyobeba jina moja. Inadaiwa pia kwamba dalili za kushuka kwa shinikizo zilikuwemo katika mafaili ya kliniki muda mrefu kabla ya kuaminiwa, na kwamba kutoaminiwa huko kulikuwa na sababu za msingi. Wanahistoria wa tiba wana mazoea ya kuwalaumu watu wa zamani kwa kutoona kile ambacho sisi tunakiona. Katika suala hili lawama hiyo haina mashiko.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, ni vyema kueleza jinsi jicho linavyofanya kazi. Ndani ya jicho, nyuma ya irisi, hutengenezwa maji safi ambayo hupita katika tundu la mboni, huingia katika chumba cha mbele, kisha hutoka nje kupitia tishu ya kuchujia iliyopo kwenye pembe ambapo irisi hukutana na konea. Njia hiyo ya kutokea ikikaza au ikizibwa, shinikizo hupanda na nyuzi za neva ya macho hufa polepole. Nyuzi hizo hazioti tena. Pale ambapo pembe iko wazi lakini tishu ya kuchujia haipitishi maji ipasavyo, huitwa glakoma ya pembe wazi. Pale ambapo irisi imesukumwa mbele hata ikaifunika tishu hiyo, huitwa glakoma ya pembe iliyoziba. Lenzi imekaa nyuma ya irisi, ikining'inia kwa nyuzi nyembamba. Ikipata ukungu huitwa mtoto wa jicho. Kwa hiyo maradhi haya mawili, ambayo mgonjwa huyajua kama vitu viwili visivyohusiana, yanaishi katika nafasi moja isiyozidi milimita chache.

Maji yanayoshuka

Kwa karne nyingi, maradhi haya hayakutenganishwa vizuri. Waganga wa Kiyunani, na baadaye wale walioandika kwa Kiarabu, waliamini kuwa ukungu wa mtoto wa jicho ni umajimaji unaoshuka na kuganda kati ya mboni na lenzi. Neno la Kilatini lililozaa jina la kitaalamu la ugonjwa huu lina maana ya maporomoko ya maji. Katika Kiarabu cha leo mtoto wa jicho bado huitwa maji meupe na glakoma huitwa maji ya buluu, majina ambayo Waswahili waishio Oman na nchi za Ghuba huyasikia kila waendapo kliniki. Kiswahili kilichagua taswira nyingine kabisa, ya mtoto aliyemo ndani ya jicho. Taswira hiyo haikubeba nadharia yoyote ya maji, na kwa bahati njema haikuhitaji kurekebishwa nadharia ilipoanguka.

Tiba iliyoambatana na nadharia hiyo ilikuwa kuuzamisha ukungu kwa sindano. Ilielezwa katika maandishi ya Kihindi yanayohusishwa na Sushruta, ikaenea hadi Ulaya na Afrika Magharibi, na sehemu nyingine ingali inafanywa na waganga wanaotembea. Ammar ibn Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri mnamo mwaka 1000, alieleza namna ya kuunyonya ukungu kwa sindano yenye tundu. Katika njia zote hizi mganga aliamini anagusa maji yaliyoganda. Kwa hakika alikuwa akiigusa lenzi yenyewe, na mara nyingi aliiangusha ndani ya jicho na kuiacha humo. Lenzi iliyoanguka inaweza kuvuja protini, kuleta uvimbe au kuziba mboni, na katika kila hali shinikizo hupanda. Masimulizi ya zamani ya wagonjwa walioona vizuri kwa majuma kadhaa kisha wakapofuka kwa maumivu makali yanaelezeka vyema kwa njia hiyo, ingawa waliosimulia hawakuwa na kipimo cha shinikizo.

Mwaka 1705 daktari Michel Brisseau, katika mji wa Tournai, alipasua jicho la maiti ya askari aliyekuwa na mtoto wa jicho na akakuta kwamba kilichokuwa na ukungu ni lenzi. Aliwasilisha matokeo yake kwa Chuo cha Kifalme cha Sayansi mjini Paris, na mwanzoni hayakupokewa kwa furaha. Mwaka 1707 Antoine Maître-Jan alichapisha kitabu chenye msimamo uleule, na baada ya miaka michache pingamizi ilidhoofika. Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha ni kwamba ugunduzi huu uliiacha glakoma bila makazi. Iwapo ukungu ni wa lenzi, basi ule upofu wenye mboni ya rangi ya kijani-buluu, usiopona kwa sindano, ulikuwa ni nini? Brisseau alidhani ni ugonjwa wa ute ulio nyuma ya lenzi. Alikosea mahali. Hata hivyo, kuanzia hapo mtoto wa jicho na glakoma yalianza kuandikwa katika kurasa tofauti, na yaliendelea kuwa mbalimbali kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Jacques Daviel aliyachukua matokeo hayo hadi mezani. Kuanzia mwaka 1747 alianza kukata konea upande wa chini na kuitoa lenzi nje badala ya kuizamisha, na maelezo ya njia yake yalichapishwa mwaka 1753. Kwa mara ya kwanza lenzi iliondoka katika jicho kwa makusudi.

Ugumu wa jicho

Richard Banister wa Uingereza alikuwa ameandika mwaka 1622 kwamba kuna upofu ambao jicho lake, likiguswa kwa kidole, huwa gumu, na kwamba upofu huo hauponi. Angalizo hilo lilikaa takriban miaka 200 bila kuzaa tiba. Katika kitabu chake cha mwaka 1830, William Mackenzie wa Glasgow aliuweka ugumu wa jicho katikati ya maelezo ya glakoma. Kisha Hermann von Helmholtz akatengeneza kifaa cha kuangalia ndani ya jicho, alichokitangaza mwaka 1851, na madaktari wakaona kwa macho yao neva iliyochimbika. Albrecht von Graefe wa Berlin alichapisha mwaka 1857 taarifa ya kukata kipande cha irisi ili kushusha shinikizo, na wagonjwa waliofikishwa kwake wakiwa na shambulio la ghafla walipona kwa namna ambayo haikuwahi kushuhudiwa.

Mafanikio ya von Graefe yalikuwa na kasoro iliyosumbua kizazi kizima: tiba yake iliwasaidia wagonjwa wa shambulio la ghafla na ikawaangusha wengi wenye ugonjwa wa polepole usio na maumivu. Hakuna aliyejua sababu, kwa kuwa tofauti ya pembe wazi na pembe iliyoziba ilikuwa haijajulikana.

Hapo ndipo Priestley Smith wa Birmingham anapoingia. Huyu ni mtu anayestahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Badala ya kubishana kuhusu nadharia, alipima. Alikusanya lenzi za watu wa umri mbalimbali na kuonesha, katika maandishi yake ya kuanzia 1879 na miaka ya 1880, kwamba lenzi ya binadamu haiachi kukua. Seli mpya huongezeka nje na za zamani hubaki ndani, hazina pa kwenda. Jicho lenyewe halikui kwa kiasi hicho. Kwa hiyo, alihoji, katika jicho dogo lenzi ya uzeeni hubana nafasi, husukuma irisi mbele na kuziba njia ya maji. Vipimo vya leo vinakubaliana naye: lenzi ya kijana ina unene wa takriban milimita 4, na ya mzee hukaribia au kufikia 5.

Kimantiki, hatua iliyofuata ingekuwa kuiondoa lenzi ili kutibu glakoma. Haikuchukuliwa, na si kwa sababu ya ukosefu wa akili. Ganzi ya kokeini kwa macho ilianza mwaka 1884 kwa kazi ya Carl Koller. Kabla ya hapo mgonjwa alipasuliwa akiwa na hisia zote. Jeraha lilikuwa la nusu ya mzunguko wa konea, halikushonwa vizuri, na usaha uliweza kuliharibu jicho katika siku chache. Aliyepona alibaki bila lenzi, akitegemea miwani mizito yenye nguvu ya takriban dayopta 10. Kumtoa mtu lenzi angavu, inayoona, kwa ajili ya nadharia ya nafasi kungekuwa ukatili. Kipande cha irisi kilikuwa bei nafuu zaidi.

Miongo ya hofu

Karne ya 20 ilileta vipimo. Hjalmar Schiøtz wa Norwei alitoa tonomita yake mwaka 1905, na ile ya Hans Goldmann wa Bern, ambayo hadi leo ndiyo mizani ya kulinganishia, ilifuata katika miaka ya 1950. Edward Curran alieleza mwaka 1920 kwamba maji hukwama nyuma ya mboni kwa kuwa irisi imeegemea lenzi, na tundu dogo pembeni mwa irisi hulifungua kwamo hilo. Mwaka 1938 Otto Barkan wa San Francisco, akitumia lenzi maalumu ya kutazamia pembe, aligawa glakoma katika makundi mawili ambayo yanatumika mpaka sasa. Fumbo la von Graefe likafumbuka.

Vipimo hivyohivyo, hata hivyo, viliipa hofu ya wapasuaji takwimu. Njia iliyotawala katikati ya karne ilikuwa kuitoa lenzi nzima pamoja na mfuko wake. Mwaka 1958 Joaquín Barraquer wa Barcelona alianzisha matumizi ya kimeng'enya cha kuyeyusha nyuzi zinazoishikilia lenzi, na kazi ikawa rahisi. Mwaka 1964 Kirsch alieleza glakoma iliyowapata wagonjwa siku chache baada ya kimeng'enya hicho, na hadubini ya elektroni baadaye ikaonesha vipande vya nyuzi vikiwa vimejaa katika tishu ya kuchujia. Ute uliotoka nyuma uliziba mboni. Chumba cha mbele kilichonywea baada ya jeraha kuvuja kiligandisha irisi kwenye konea. Lenzi bandia za kwanza za chumba cha mbele ziliikwaruza irisi, zikaleta uvimbe, damu na shinikizo kwa pamoja. Ellingson aliutaja mkusanyiko huo wa dalili mwaka 1978.

Kwa mpasuaji wa wakati ule mwenye mgonjwa wa glakoma, hesabu ilikuwa wazi: kuitoa lenzi ni kuhatarisha neva iliyokwisha dhoofika. Kulikuwa na hali moja tu ambapo kila mtu alikubali kuwa lenzi yenyewe ndiyo adui. Mwaka 1955 Flocks, Littwin na Zimmerman walieleza namna mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi anavyovujisha protini, ambazo humezwa na chembe kubwa za kinga zinazoziba njia ya maji. Pia lenzi iliyovimba inaweza kuifunga pembe kwa ghafla. Katika hali hizo mbili hakuna dawa ya kudumu isipokuwa kuitoa. Kwa hospitali za Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi wamekuwa wakifika wakati mboni imekwisha kuwa nyeupe kama maziwa, maelezo hayo ya mwaka 1955 hayakuwa jambo la vitabuni. Mgonjwa wa aina hiyo hufika na maumivu, jicho jekundu na matapishi, na hupelekwa chumba cha upasuaji mara shinikizo linapotulizwa kwa dawa.

Mwaka 1968 Cairns wa Cambridge alichapisha njia ya kutengeneza mlango mdogo wa maji chini ya kifuniko cha sklera, upasuaji unaoitwa trabekulektomia. Ukawa ndio mhimili wa tiba ya upasuaji wa glakoma duniani. Nao ukawa na deni lake. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu glakoma iliyokithiri uliripoti mwaka 2001 kwamba trabekulektomia iliongeza hatari ya kupata mtoto wa jicho kwa asilimia 78. Mgonjwa aliyeokolewa neva alirudi baada ya muda haoni kwa sababu ya ukungu. Akipasuliwa ukungu, uvimbe wa upasuaji wa pili uliweza kuuziba kwa kovu ule mlango wa kwanza. Mzunguko huu ndio uliowafanya wapasuaji wa miaka ya 1980 na 1990 kupendelea kufanya yote mawili kwa mara moja. Katika upasuaji huo wa pamoja, kila kushuka kwa shinikizo kulihesabiwa kuwa kazi ya mlango mpya. Mchango wa kuondolewa kwa lenzi haukuwa na safu yake katika jedwali.

Upasuaji uliobadilika jina likabaki

Harold Ridley aliweka lenzi bandia ya kwanza katika Hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949, kwa siri. Ilikuwa ya plastiki ngumu aina iliyotumika kwenye vioo vya ndege za vita, kwa kuwa vipande vyake vilivyoingia katika macho ya marubani vilionekana kutoleta uvimbe. (Huyu ndiye Ridley yule aliyekuwa Gold Coast wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akachapisha mwaka 1945 kazi kuhusu upofu wa mtoni, vitabu vya historia ya lenzi bandia aghalabu husahau sehemu hiyo ya maisha yake.) Charles Kelman wa New York alianza mwaka 1967 kuivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu dogo, wazo alilolipata kwenye kiti cha daktari wa meno. Mnamo mwaka 1980 jeli ya kulinda jicho wakati wa upasuaji ilianza kuuzwa. Robert Stegmann wa Afrika Kusini na David Miller walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa matumizi yake. Baadaye zikaja lenzi za kukunjwa, na mbinu ya kufungua mfuko wa lenzi kwa duara safi ili lenzi bandia ikae mahali pa ile ya asili.

Mabadiliko haya kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya kuona vizuri zaidi na kupona haraka. Kwa suala la shinikizo, maana yake ni kubwa kuliko hiyo. Jeraha likawa la milimita tatu au pungufu, lenye kujifunga lenyewe. Chumba cha mbele hakikunywea tena. Mfuko wa lenzi ulibaki kama ukuta unaouzuia ute wa nyuma. Na mahali palipokuwa na lenzi ya milimita 5 pakakaa kipande cha takriban milimita 1. Visababishi vingi vya glakoma vilivyoorodheshwa katika vitabu vya zamani viliondoka kimoja baada ya kingine, na nyuma yao kikaonekana kitu kilichokuwa kimefunikwa.

Haikuwa faida tupu. Jeli ikibaki ndani ya jicho, shinikizo linaweza kupanda kwa kiasi kikubwa katika saa 24 za kwanza. Matone ya steroidi nayo huweza kulipandisha katika majuma yanayofuata. Kwa neva yenye afya, saa hizo hupita bila madhara. Kwa mgonjwa aliyebakiwa na kijisehemu kidogo cha uwezo wa kuona katikati, zinaweza kuwa ndizo saa za mwisho za kuona.

Namba na mashaka yake

Katika miaka ya 1990 taarifa za kliniki mbalimbali zilianza kurudia jambo moja: wagonjwa wa glakoma waliopasuliwa mtoto wa jicho peke yake walikuwa na shinikizo pungufu kwa milimita 2 hadi 4 za zebaki. Friedman na wenzake, walipopitia ushahidi mwaka 2002, walikubali kuwa upungufu huo upo, na wakaonesha kuwa upasuaji wa pamoja hushusha milimita 3 hadi 4 zaidi. Poley, Lindstrom na Samuelson (2008) walipitia mafaili ya macho 588 yasiyo na glakoma na kukuta kuwa kadiri shinikizo lilivyokuwa juu kabla ya upasuaji, ndivyo lilivyoshuka zaidi. Waliokuwa kati ya 23 na 31 walishuka kwa wastani wa 6.5, yaani asilimia 27, na waliokuwa na shinikizo la chini hawakubadilika sana.

Matokeo hayo yanavutia, na ndiyo maana yanahitaji kutiliwa shaka. Shinikizo la jicho hupanda na kushuka siku hadi siku. Ukichagua watu siku ambayo kipimo chao kiko juu, ukawapima tena baadaye, wengi watakuwa chini hata kama hukuwafanyia chochote. Wanatakwimu huita hali hii kurejea kwenye wastani. Mpangilio wa kwamba walio juu hushuka zaidi ndio hasa unaotarajiwa kutokana na hali hiyo. Kwa hiyo, bila kundi la ulinganisho, jedwali zuri kama hilo haliwezi kutenganisha kazi ya kisu na kazi ya bahati.

Kundi la ulinganisho lilipatikana mahali ambapo halikutafutwa. Utafiti wa Marekani wa watu wenye shinikizo la juu lakini wasio na glakoma, ulioanza kuandikisha washiriki mwaka 1994 na kufikia watu 1,636, ulikuwa umewapima watu walewale kwa utaratibu mmoja kwa miaka mingi. Baadhi yao, katika kundi lisilopewa dawa, walipata mtoto wa jicho na kupasuliwa. Mansberger na wenzake (2012) walichukua macho 63 ya watu 42 wa aina hiyo na kuyalinganisha na macho 743 ambayo hayakupasuliwa. Waliopasuliwa walitoka 23.9 hadi 19.8, wasiopasuliwa walitoka 23.8 hadi 23.4. Upungufu wa wastani ulikuwa asilimia 16.5, na takriban macho manne katika kila kumi yalishuka kwa asilimia 20 au zaidi. Kwa kuwa kundi la pili lilisimama palepale, kurejea kwenye wastani hakukutosha kueleza tofauti hiyo. Ikumbukwe tu kwamba hawa hawakuwa wagonjwa wa glakoma, na hakuna aliyewapanga kwa kura.

Ushahidi mwingine ulitoka katika majaribio ya vijibomba vidogo vya kupitishia maji vinavyowekwa wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho. Katika jaribio la Samuelson na wenzake (2011), lililohusu macho 240, asilimia 72 ya waliowekewa kijibomba walifikia shinikizo la 21 au chini bila dawa baada ya mwaka mmoja. Katika kundi la ulinganisho, waliopasuliwa mtoto wa jicho tu, walikuwa asilimia 50. Watengenezaji walisisitiza tofauti ya namba hizo mbili. Kwa mwanahistoria, namba ya pili ndiyo yenye habari: nusu ya wagonjwa wenye glakoma isiyokithiri walikuwa bila dawa, na hakuna kilichofanywa isipokuwa kubadilishwa lenzi. Ni kweli pia kwamba wagonjwa walikuwa wamesitishiwa dawa kabla ya kuanza, na hilo peke yake hupandisha namba ya mwanzo.

Sababu ya upungufu huo katika pembe wazi ingali inabishaniwa. Wapo wanaosema kuwa lenzi nene huvuta mbele tishu zinazoizunguka na kuikandamiza njia ya maji; wengine wanaona mawimbi ya sauti na uvimbe mdogo wa upasuaji huziamsha seli za tishu ya kuchujia kama leza inavyofanya. Tathmini iliyofanywa kwa Chuo cha Wataalamu wa Macho cha Marekani (Chen na wenzake, 2015) ilitenganisha aina za glakoma, na hapo picha ikawa tofauti na ile ya jumla. Katika pembe wazi upungufu ulikuwa asilimia 13. Katika glakoma inayoambatana na vumbi jeupe kwenye lenzi, 20. Katika pembe iliyoziba ya muda mrefu, 30. Na katika shambulio la ghafla, 71.

Kurudi kwa Priestley Smith

Namba mbili za mwisho zingemfurahisha mpimaji wa Birmingham. Huko Hong Kong, Lam na wenzake (2008) walichukua macho 62 yaliyopata shambulio la ghafla na kuyapanga kwa kura: nusu yatolewe lenzi mapema, nusu yatobolewe irisi kwa leza. Katika miezi 18, shinikizo lilipanda tena kwa asilimia 3.2 ya kundi la kwanza na asilimia 46.7 ya kundi la pili.

Jaribio lililofuata lilikwenda mbali zaidi na kugusa lile lililokuwa likionekana ukatili katika enzi za von Graefe. Azuara-Blanco na wenzake waliandikisha kati ya Januari 2009 na Desemba 2011 wagonjwa 419 wenye umri wa miaka 50 au zaidi, waliokuwa na pembe iliyoziba lakini hawana mtoto wa jicho. Kwa kura, 208 walitolewa lenzi angavu na 211 walipewa tiba ya kawaida ya leza na dawa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016. Baada ya miaka mitatu wastani wa shinikizo ulikuwa 16.6 kwa waliotolewa lenzi na 17.9 kwa wengine. Kipimo cha ubora wa maisha nacho kilikuwa juu kwa waliotolewa. Tofauti ya shinikizo ni ndogo, na baadhi ya wasifu wa jaribio hilo umekuwa mkubwa kuliko namba yenyewe. Uzito wake uko kwingine: lenzi inayoona iliruhusiwa kutolewa kwa sababu ya nafasi inayochukua, na mgonjwa alikuwa na afadhali.

Hospitali 30 zilizoshiriki zilikuwa Uingereza, Australia na nchi za Asia ya Mashariki na ya Kusini-Mashariki. Hakukuwa na hata moja ya Afrika. Hili lina uzito kwa yeyote anayetaka kuyahamisha matokeo hayo. Katika vijiji sita vya Kongwa, katikati mwa Tanzania, Buhrmann na wenzake (2000) walipima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 au zaidi. Glakoma ya aina zote ilikuwa asilimia 4.16, pembe wazi ilikuwa 3.1 na pembe iliyoziba 0.59. Kwa maneno mengine, kwa kila mgonjwa mmoja ambaye historia ya Priestley Smith inamhusu moja kwa moja, kulikuwa na watano ambao upungufu unaotarajiwa ni ule wa asilimia 13. Mtu mwenye shinikizo la 32 akipungukiwa na asilimia 13 anafika karibu na 28, na neva yake inaendelea kufa.

Isitoshe, namba hizo zote zimetokana na mashine ya mawimbi ya sauti, ilhali sehemu kubwa ya upasuaji katika hospitali za umma na za misheni za ukanda huu hufanywa kwa mkono, kwa tundu dogo la sklera lisiloshonwa, njia iliyokuzwa zaidi India na Nepali kwa ajili ya umati wa wagonjwa na bei nafuu. Tundu hilo hupita kwenye utando wa juu wa jicho ambao trabekulektomia ya baadaye ingeuhitaji ukiwa mzima. Mpasuaji anayeamua kutoa lenzi kwanza na kusubiri kuona shinikizo litakavyokuwa, kwa hiyo, anatumia pia sehemu ya akiba ya mgonjwa.

Kusubiri nako kunadhani kwamba mgonjwa atarudi. Katika jaribio lililofanyika KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, Philippin na wenzake waliwapanga kwa kura wagonjwa 201 wa glakoma yenye shinikizo la juu kutumia matone ya timolol au kufanyiwa leza ya tishu ya kuchujia. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu kwa asilimia 31 ya macho ya kundi la matone na asilimia 61 ya kundi la leza. Hao walikuwa wagonjwa waliomo katika utafiti, wanaofuatiliwa. Mgonjwa wa kawaida aliyepasuliwa mtoto wa jicho katika kambi ya wilayani huondolewa bandeji asubuhi ya pili, anahesabu vidole, anafurahi, na anapanda gari kurudi kijijini. Tonomita, kama ipo, humgusa asubuhi hiyo moja tu, wakati shinikizo lake bado halijaonesha lolote kuhusu mwaka unaofuata.